Nyongeza ya mshahara sasa, mapumziko baadaye: je, marubani tutie sahihi?

Rubani wa Utawala ameuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni rubani msaidizi katika kampuni moja ya ndege za mizigo hapa Nairobi, na tangu mwezi wa pili nimekuwa miongoni mwa wanne waliochaguliwa na wenzetu kuwawakilisha katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, yaani CBA, na uongozi wa kampuni. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa mazungumzo hayajaisha na sitaki kuyaharibu.

Tumekutana mara sita. Katika kikao cha mwisho uongozi ulileta pendekezo ambalo limetugawanya: nyongeza ya mshahara ya asilimia 18 katika miaka miwili, bima ya matibabu itakayowafikia hata wazazi wetu, na posho ya safari iliyo nono kuliko tulivyotarajia. Lakini mambo yote ya ratiba, kuanzia saa za mapumziko kati ya zamu, siku za kukaa nyumbani tukisubiri kuitwa, hadi mabadiliko ya zamu ya dakika za mwisho, yameondolewa katika mkataba na kuahidiwa waraka wa maelewano utakaoandikwa baadaye. Kwa sasa tumepewa sentensi moja tu, nami nainukuu neno kwa neno: "Kampuni itajitahidi kumpa rubani mapumziko ya saa kumi na mbili kati ya zamu, kwa kadiri hali ya uendeshaji itakavyoruhusu."

Wenzangu wawili wanasema tutie sahihi, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana wengi wetu bado tunalipa mikopo tuliyosomea urubani. Mimi nasitasita. Juma lililopita nilitua kutoka Juba saa tano usiku, nikafika nyumbani saa saba kasorobo, na saa kumi na dakika kumi alfajiri simu ikalia kuniarifu kwamba zamu yangu ya saa kumi jioni itaanza mapema zaidi, saa nne asubuhi hiyo hiyo. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba nilipumzika zaidi ya saa kumi. Usingizi nilioupata ni wa saa tatu, kwa sababu baada ya simu ile sikulala tena.

Naomba kujua mambo mawili. Je, yupo aliyewahi kuchukua fedha kwanza kisha akafanikiwa kuyapata mapumziko baadaye? Na je, waraka wa maelewano una nguvu sawa na mkataba wenyewe?

Mzee wa Anga amejibu:

Mwanangu, nilirusha ndege kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa vipindi viwili niliketi mahali unapoketi sasa. Msilitie sahihi pendekezo hilo jinsi lilivyo.

Kosa mnaloelekea kulifanya tulilifanya sisi. Uongozi wa kampuni niliyoitumikia wakati huo ulitupa asilimia nzuri, nasi tukakubali mapumziko yabaki katika kitabu cha taratibu za uendeshaji, tukiambiana kwamba ni yale yale, kwani kitabu hicho nacho huidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Hatukufikiri kwamba mamlaka hulinda kiwango cha chini tu, na kwamba chochote kilicho juu ya kiwango hicho kampuni inaweza kukiteremsha bila kutuuliza. Miaka miwili haikutimia. Asubuhi moja tulikuta ukurasa mpya katika visanduku vyetu vya barua, pamoja na maagizo ya kuchomoa ule wa zamani na kuupachika huo, na saa kumi na mbili zikawa kumi. Tulipokwenda kulalamika tuliulizwa ni kifungu gani cha mkataba kilichovunjwa, na hakikuwapo.

Miezi michache baadaye nilikuwa nikishuka alfajiri kuelekea njia ya 06 ya uwanja wa Jomo Kenyatta, taa za Ongata Rongai zikiwa chini yetu. Mwongoza ndege alitupa masafa ya redio ya mnara, na rubani msaidizi wangu akaanza kuyaandika kwenye karatasi aliyoiweka pajani. Nilipoitupia jicho karatasi ile, tarakimu mbili za kwanza zilisomeka vizuri, lakini ya tatu ilikuwa mstari uliokokotwa hadi nje ya ukingo, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amelala, macho nusu wazi. Nilimgusa bega, tukatua salama, na sikumripoti kwa mtu yeyote, kwa maana hata mimi sikuwa mbali na hali ile. Ni kijana aliyekuwa mwangalifu kuliko wengi niliowahi kuruka nao.

Kwa kuwa wewe unarusha mizigo, kuna jambo lingine linalokuhusu zaidi. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo huko Marekani, wakafa watu 50. Rubani msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Wachunguzi walisema chanzo ni namna nahodha alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo, lakini walisema pia kwamba yaelekea uchovu uliwadhoofisha marubani wote wawili. Familia za marehemu zilipigania kanuni mpya hadi zikaanza kutumika Januari 2014, na sasa rubani wa ndege za abiria kule hupewa angalau saa 10 za mapumziko zenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Ndege za mizigo ziliachwa nje ya kanuni hizo. Marubani wake wamebaki na kanuni za zamani, pamoja na kile ambacho vyama vyao vilikipata mezani na kukiandika katika mkataba. Sheria ilipowapita kando, ngao yao imekuwa mkataba.

Nawasikia vijana wakiwataja marubani wa Delta, shirika la ndege la Marekani, ambao Machi 2023 waliidhinisha mkataba wa miaka minne wenye nyongeza ya jumla ya asilimia 34. Wasichokitaja ni kwamba mkataba wao wa awali ulikuwa umefikia wakati wa kurekebishwa tangu mwisho wa 2019. Waliweza kusubiri kwa sababu kule mashirika ya ndege yako chini ya sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyopanuliwa kuyahusu mwaka 1936, na chini ya sheria hiyo mkataba wa zamani haukomi siku zake zikipita, bali huendelea kuwalinda hadi mpya upatikane. Mtu aliye na ulinzi wa ratiba mkononi anaweza kuvumilia mazungumzo marefu ya fedha. Ninyi mnaombwa mchukue fedha ilhali hamjashika ulinzi wowote.

Mpangaji wa Zamu amejibu:

Kwa heshima zote kwa Mzee, naomba na upande wa ofisi usikike. Kazi yangu ni kupanga zamu za marubani, na si kweli kwamba kila badiliko la ratiba ni dharau. Kampuni ndogo ikiwa na ndege tatu, na moja ikaharibikia Mogadishu huku samaki au dawa zikiwa zimekwisha kupakiwa katika nyingine, mimi sina rubani wa kumchukua isipokuwa yule aliyelala. Siwezi kumchukua yeyote tu, kwa kuwa kila rubani anaruhusiwa kurusha aina fulani ya ndege na lazima awe amepita mitihani yake ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, na kumwajiri rubani wa ziada akae tu akisubiri ni gharama kubwa ambayo wenye kampuni huikwepa mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo mkienda na sharti lisilo na mlango wowote, mtajibiwa kwamba haliwezekani, na kwa kampuni ya ukubwa huo watakuwa wanasema kweli. Pendekezeni mlango, lakini mlango wenye kizingiti: mapumziko yaweze kufupishwa kwa dharura mara chache zinazohesabika, na saa zilizokatwa zirudishwe haraka. Naongeza jambo ambalo wengi hawaliulizi. Mara nyingi simu ya alfajiri haikuwa na haja ya kupigwa saa ile. Hupigwa kwa sababu mpangaji anamaliza zamu yake na hataki kumwachia kazi anayempokea. Hilo linaweza kukatazwa kabisa katika mkataba, wala halitaigharimu kampuni hata shilingi.

Wakili wa Leba amejibu:

Nianze na swali la pili, kwa sababu lina jibu la wazi. Chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, masharti ya mkataba wa pamoja huingia katika mkataba wa ajira wa kila mfanyakazi anayehusika, na mkataba huo huanza kutekelezeka ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kifungu cha 60 kinataka uwasilishwe huko ndani ya siku 14 tangu pande mbili zilipoafikiana. Waraka unaoandikwa kando na usiosajiliwa kama sehemu ya mkataba hauna nguvu hiyo. Na huo wenu hata haujaandikwa.

Tazameni pia sentensi mliyopewa. Neno "itajitahidi" halimwajibishi mtu, na maneno "kwa kadiri hali ya uendeshaji itakavyoruhusu" yanamfanya mwajiri awe ndiye mwenye kuamua hali hiyo imeruhusu au la. Ningekuwa upande wenu nisingejadili idadi ya saa kabla ya maneno hayo kuondoka.

Ipo silaha ambayo sijaona mkiitumia. Kifungu cha 57 kinamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote muhimu za kukiwezesha kujadiliana ipasavyo. Andikeni barua leo mkiomba kumbukumbu za zamu za miezi 12 iliyopita, zikionyesha ni mara ngapi mapumziko yalipungua saa kumi na mbili na kwa sababu gani. Ikionekana ni mara chache, uongozi hautakuwa na hoja kwamba sharti hilo litaikwamisha kampuni. Ikionekana ni kila juma, mtakuwa na jambo zito la kuwaonyesha wale wenzenu wawili.

Najua mtajiuliza habari za mgomo. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na marubani hawamo katika orodha ya huduma muhimu iliyo katika Jedwali la Nne la Sheria ya Mahusiano ya Kazi, ingawa waongoza ndege wamo. Hata hivyo mgomo hulindwa tu ikiwa mgogoro umepitia kwa mpatanishi ukashindikana, kisha ikatolewa notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri. Hata mkipita hapo, mahakama inaweza kuusimamisha, na siku za mgomo hazina mshahara. Novemba 5, 2022 marubani wa KALPA, chama cha marubani wa Kenya, waligoma katika shirika la Kenya Airways, wakidai michango ya akiba yao ya uzeeni irejeshwe na mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona ilipwe, ilhali amri ya mahakama ya kuusimamisha mgomo ilikuwa imekwisha kutolewa. Maelfu ya abiria walikwama, na Novemba 9 marubani walirudi kazini kwa amri ya mahakama huku madai yenyewe yakirudi mezani. Kila mtu ana maoni yake kuhusu nani alikosea. Ninachokiona mimi ni jinsi ilivyo vigumu kulirudisha jambo likishatoka mikononi mwenu.

Mama Wawili amejibu:

Mimi si rubani. Mume wangu ndiye. Nawaomba wale wawili wanaotaka kutia sahihi wawaulize wake zao au waume zao kabla ya kikao. Nyongeza hiyo tutaifurahia, lakini mimi ndiye ninayemwona akiendesha gari kwenda uwanjani saa tisa usiku baada ya kulala kidogo, na siku hizo silali hadi anitumie ujumbe kwamba amefika.

Rubani wa Utawala amejibu:

Nawashukuru nyote, hasa Mzee na Wakili. Barua ya kuomba kumbukumbu za zamu tumeipeleka jana, na mmoja wa wale wawili ndiye aliyeiandika baada ya kusoma majibu haya. Tumekubaliana kwamba tutaridhia asilimia pungufu ikibidi, lakini mapumziko yaingie katika mkataba wenyewe. Kwa kufuata ushauri wa Mpangaji, tumeandika hivi, na kikao ni Alhamisi:

"Rubani atapata kwa kawaida mapumziko ya saa kumi na mbili mfululizo kati ya zamu. Kampuni haitampigia simu wala kumtumia ujumbe katika saa nane za katikati ya mapumziko hayo. Yakifupishwa kwa dharura hayatapungua saa kumi, hayatafupishwa zaidi ya mara mbili katika siku 28, na saa zilizokatwa zitarudishwa maradufu ndani ya siku saba."

Wakili wa Leba amejibu:

Ondoeni "kwa kawaida". Kisha elezeni maana ya dharura papo hapo ndani ya kifungu: ubovu wa ndege, hali mbaya ya hewa, au kiwanja kufungwa. Uhaba wa marubani usiwemo.