VcXsrv, MobaXterm au VNC: ipi niweke kwenye kompyuta za ofisi?

Ngekewa: Wakuu, habari za jioni. Tuna seva moja ya Linux yenye QGIS (programu ya ramani), watumiaji wote wako kwenye Windows. Bosi anataka kila mtu afungue QGIS ya seva kwenye kioo chake. Ipi bora kati ya hizo tatu? Ijumaa napeleka pendekezo.

ChumaChakavu: Mbona umetupa nusu ya habari? Windows ipi? Watu wangapi? Wako jengo moja na seva au kuna wa mikoani?

Ngekewa: Windows 10, RAM GB 4. Watu kama wanane.

ChumaChakavu: La mtandao umeliruka, na ndilo lenyewe.

BintiKonsoli: MobaXterm, usijisumbue. Seva ya X (inayochora madirisha ya programu za Linux kwenye kioo chako) imo, ssh (ya kuingia kwenye seva kwa usalama) imo, unafungua na kupiga kazi.

MzeeWa6000: Toleo la bure linahifadhi vikao 12 tu, na wenyewe wanataka kampuni zilipie. VcXsrv, nayo seva ya X, ni huria, basi. Ila jamaa aelewe: seva ya X ndiyo inayokaa kwenye Windows, maana ndiko kwenye kioo, kibodi na kipanya. QGIS iliyo kule Linux ndiyo mteja. Pitisha madirisha kwa ssh -X, na usizime ule udhibiti wa nani aingie. Ukiuzima, yeyote anayeifikia poti 6000, mlango wa seva ya X, anaweza kusoma unachochapa.

PopoWaBando: Hahaha, chuoni kwetu maabara nzima ilikuwa na xhost +, amri ya kuuzima udhibiti huo. Mtu anakurushia xeyes, kiprogramu cha macho mawili, macho yanafuata kipanya chako hadi mwalimu anauliza unacheka nini.

Ila mimi ssh -X sitaki kuisikia. Nilikuwa nafanya kazi ya ramani nikiwa nyumbani, kwa modemu. Kubofya menyu tu unasubiri, kwa sababu X inaulizana na programu huku na huku kwa kila kitu kidogo, na kila swali linasafiri njia nzima. Nikavumilia. Usiku nachora mipaka ya viwanja, bando likakata. Muunganisho wa X ukifa, programu inakufa nao. Sikuwa nimehifadhi, kazi yote ikaenda. Nikahamia VNC, inayoendesha dawati zima (desktop) kwenye seva na kukuonyesha picha yake tu: mtandao ukikata, kikao kinabaki hai kwenye seva, unarudi unaikuta kazi ilivyokuwa.

MzeeWa6000: Hilo ni kosa la bando, si la X. Kwenye waya wa ofisini inakwenda vizuri tu.

Tarakilishi_Kijana: X11, hiyo X yenu, ni ya 1987, jamani. Dunia iko Wayland, mrithi wake.

MzeeWa6000: Wayland yenyewe haipeleki dirisha kwenye mtandao, mpaka uongeze kitu kama waypipe. Rudi ukasome.

BintiKonsoli: Halafu VNC ni watu wanane na dawati zima kila mmoja, yote juu ya seva moja. Ina RAM kiasi gani hiyo?

ChumaChakavu: Ngekewa, QGIS si inaingia Windows moja kwa moja? Seva ya nini?

Ngekewa: Bosi hataki data inakiliwe kwenye mashine za watu.

ChumaChakavu: Basi weka PostGIS (hifadhidata ya ramani) kwenye seva, QGIS za Windows ziunganishwe nayo. Madirisha hayasafiri kabisa.

PopoWaBando: QGIS kwenye GB 4? Na kivinjari kimefunguliwa? Mtalia.

Ngekewa: Kumbe niombe RAM kwanza? Kariakoo GB 8 wanauzaje siku hizi?

Tarakilishi_Kijana: RAM aina gani, DDR3 au DDR4?