Siku moja na mwongozaji katika Msitu wa Amani: tuipange vipi?

MwalimuTanga:
Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Biolojia mkoani Tanga, na mwezi wa saba ninatarajia kuwapeleka wanafunzi 24 wa kidato cha tatu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, washinde huko siku moja pamoja na mwongozaji. Wengi wao wanawajua wanyamapori kwa kuwaona kwenye televisheni, tena wale wa mbugani, na kwa hiyo wanatarajia kwamba msituni nako wanyama watakuwa wamesimama mahali peupe wakiwangoja. Sitaki warudi wamevunjika moyo. Je, siku yenyewe ipangwe vipi, na ni viumbe gani ninaoweza kuwatajia bila kuwadanganya?

MzawaWaMuheza:
Mwalimu, heshima yako. Nimewaongoza wageni katika msitu huo kwa miaka mingi, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba siku yenu isianze asubuhi. Ianze saa tisa alasiri na iishie saa sita mchana wa kesho yake, mlale kwenye nyumba za wageni zilizopo Sigi au Amani kwenyewe, kwa sababu anayeondoka jioni anauacha msitu kabla haujaonyesha kilicho bora.

Usiku ndio wakati wa vinyonga. Mchana, yule mkubwa wa pembe tatu hujificha majanini hata sisi wenyeji tukampita, lakini giza likiingia hulala kwenye ncha ya kijiti na rangi yake hupauka, kwa hiyo tochi ikimmulika huonekana waziwazi katikati ya majani meusi. Dume ana pembe 3 na jike hana hata moja, jambo ambalo wanafunzi wako watalifurahia. Chini zaidi, kwenye vijiti vinavyofika magotini, watafuteni vinyonga wadogo wa rangi ya jani kavu. Asiwepo wa kuwagusa wala kutikisa tawi, maana wakishtuka huweza kujiachia wakaanguka.

Kwa somo lako, waulizieni pia vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao hawapatikani popote nje ya Tanzania. Jike hatagi mayai majini, bali huzaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika, bila viluwiluwi kuogelea popote. Mwezi wa saba vyura hawaimbi kwa wingi kama wakati wa masika au vuli, lakini barabara ya kupanda kutoka Muheza huwa inapitika vizuri zaidi.

Asubuhi mtembee polepole, tena msimame mara nyingi kuliko mnavyotembea. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mbele mwekundu na nyuma mweusi, hutambuliwa kwanza kwa sikio: utasikia majani makavu yakichakurwa, kisha kimya, kisha yakichakurwa tena mbele kidogo. Kundi linalozungumza halimwoni kamwe. Mbega na kima ni rahisi zaidi, na hao unaweza kuwatajia wanafunzi kwa matumaini makubwa.

MpenziWaNdege:
Ninaunga mkono aliyetangulia, ila naomba alfajiri isipotee kwa kuandaa chai. Muwe nje kabla jua halijachomoza, karibu na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, kwa kuwa hapo miti ya kigeni na ya asili imekaribiana na ndege huonekana kwa urahisi kuliko ndani ya msitu mnene. Hondohondo mtawasikia mbawa zao kabla hamjawaona. Mwongozaji awaonyeshe pia mti wa Maesopsis, ulioletwa kutoka kwingine ukapandwa hapo, ambao hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi ndani ya msitu wa asili. Mwanafunzi akisimama chini ya mti huo huku ndege wakila juu yake, ataielewa mada ya viumbe vamizi kuliko akiisoma kitabuni.

MwalimuTanga:
Nawashukuru sana, na mpango wa kulala huko nimeukubali. Limebaki moja: baadhi ya wazazi wanaogopa nyoka, hasa wakisikia habari za kutembea usiku. Niwaambie nini?

MzawaWaMuheza:
Waambie ukweli, Mwalimu, kwamba nyoka wapo, na kwamba ndiyo maana mwongozaji hutangulia na kila mtoto hukanyaga njia ileile. Wavae viatu vilivyofunika mguu mzima na suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, ambayo pia itawakinga dhidi ya siafu, na kwa maoni yangu siafu ndio watakaowasumbua zaidi. Asiwepo anayeshika tawi au gogo bila kulimulika kwanza. Wanafunzi 24 nyuma ya mtu mmoja ni wengi mno, kwa hiyo ombeni waongozaji 4, kila mmoja achukue wanafunzi 6 na mwalimu au mzazi mmoja, na taarifa hiyo ifike ofisi ya hifadhi mapema ili waongozaji wapatikane. Wabebe masweta, kwani usiku wa mwezi wa saba kule juu una baridi.