Ushauri: nibaki Tanga au nikubali kazi Mombasa?

MwanaChumbageni:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa mnaozijua Tanzania na Kenya kwa undani. Ni mhasibu hapa Tanga, mshahara ghafi laki tisa. Kampuni ya Mombasa inanipa 60,000 za Kenya, nazo ghafi. Nikizidisha kwa 19 napata 1,140,000. Mume ana biashara ndogo, watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu shule ya serikali. Je, maisha yatapanda kweli, au tutahama tu?

Hesabu_Ngamiani:
Dada, usilinganishe ghafi kwa ghafi. Linganisha kinachoingia mkononi.

Tanga: NSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 10 ni 90,000, inabaki 810,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 68,000 ukijumlisha asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, yaani 80,500. Mkononi 729,500.

Mombasa, kwa viwango vya 2025: NSSF asilimia 6 ni 3,600, SHA (bima ya afya) asilimia 2.75 ni 1,650, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ni 900. Hizo 6,150 hutolewa kwanza kabla ya kodi. Kwenye 53,850 iliyobaki, 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kilichosalia asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni kama 8,538. Mkononi 45,312, sawa na 861,000 hivi za kwetu.

Kwa hiyo nyongeza si 240,000 unayoiona, ni kama 131,000. Shilingi ya Kenya ikishuka hadi 18, inabaki 86,000. Hapo hamjanunua hata ndoo. Kumbuka pia pensheni ya NSSF ya huku inadai michango ya miezi 180. Angalia umefikisha mingapi kabla ya kukatisha.

Mvuka_Likoni:
Kwenye kodi ya nyumba Mombasa wana nafuu moja kubwa: unalipa mwezi kwa mwezi, na kuingia ni kodi ya mwezi mmoja pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Wengine huongeza dipoziti ya maji na umeme, uliza mapema. Huku mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wewe unajua.

Maji ndiyo yatakayokushangaza. Tanga tuna bwawa la Mabayani na tumezoea kufungua bomba. Mombasa maeneo mengi maji huja kwa zamu, na visima vingi vya Kisauni na Bamburi vina chumvi: kufulia sabuni haitoi povu, kupikia chai hainyweki. Watu hununua madumu ya lita 20 kutoka kwenye mikokoteni. Familia ya watu wanne ikitumia madumu manane kwa siku, ni 240 kwa mwezi. Uliza bei ya dumu kwenye mtaa wenyewe, zidisha, geuza iwe shilingi za kwetu, kisha toa kwenye ile 131,000. Ukienda kuona nyumba, fungua bomba, onja maji, ulizia tangi la juu lina lita ngapi na linagawanywa kwa wapangaji wangapi.

Nauli nayo: ukipanga Likoni kwa sababu kodi ni rahisi na kazi iko kisiwani, feri ni bure kwa mtembea kwa miguu, lakini foleni ya asubuhi inakula muda. Gesi usibebe mtungi wako wa kilo 15, kule wanatumia wa 6 na 13.

Mwalimu_Makorora:
Huyo wa darasa la tatu ndiye wa kufikiriwa kwanza. Kenya kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, wakati wako anasoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mtoto anajua jibu, ila swali halielewi; alama zinaporomoka na watu wanadhani ni mzito. Akihamia Januari aingie Gredi ya 3 arudie, au aanze mazoezi ya kusoma Kiingereza sasa hivi. Mihula kule ni mitatu, si miwili. Beba cheti cha kuzaliwa cha RITA, barua ya uhamisho na ripoti zake.

Kaunta_Horohoro:
Wote mmeruka jambo zito: mume. Dada atapata kibali cha kazi, mwajiri ndiye anayekiomba kwa mtandao, na raia wa Afrika Mashariki hatozwi ada ya kibali hicho. Mume akiingia kwa hati ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi wala biashara. Atahitaji kibali chake mwenyewe. Mpaka kitoke, kipato chake kihesabuni sifuri.

Kitambulisho cha NIDA hakitoshi kuvukia mpaka wa Lunga Lunga, kila mmoja awe na pasipoti. Usianze kazi kwa muhuri wa matembezi hata bosi akikuhimiza. Mkizidisha siku 90 mnahitaji kitambulisho cha mgeni, na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya kule, ni lazima kwa mshahara.

MwanaChumbageni:
Nashukuru sana. Biashara ya mume inaingiza kama laki mbili kwa mwezi. Kwa hiyo tunashuka?

Hesabu_Ngamiani:
Kwa miezi ya mwanzo, ndiyo: mnapata 131,000 na kupoteza 200,000, bado maji. Mimi nisingehamisha familia kwa 60,000. Mwandikie mwajiri aongeze posho ya nyumba, na ujue posho ya fedha taslimu nayo inakatwa kodi, kwa hiyo omba kiasi kikubwa kuliko kodi ya nyumba yenyewe. Akikataa, peleka maombi kwa makampuni ya huku pia. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga, na bandari imepanuliwa. Wahasibu wanatafutwa hapahapa.

Kaunta_Horohoro:
Na mwajiri jibu lake alitoe kwa maandishi, ndani ya mkataba, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi Tanga.