Naomba ushauri: ngalawa ya mtumba kutoka Pangani hadi Nyumba ya Mungu

Wakuu, habari za leo. Naishi Moshi, nataka kununua ngalawa ndogo ya mtumba Pangani niitumie bwawa la Nyumba ya Mungu, kuvua na kutembea na wanangu. Ni gogo la mwembe, matengo mawili (miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke), tanga moja.

Kinachoninyima usingizi ni ule mti. Baharini adui ni minyoo inayotoboa mbao, na maji baridi hayana minyoo hiyo, hilo nashukuru. Lakini huku kuna jua kali na upepo mkavu. Gogo likikauka ghafla linapasuka, na mvua ikituama ndani, linaoza. Je, niendelee kupaka sifa (mafuta ya ini la papa) kama watu wa pwani, au rangi ya mafuta inatosha? Niipandishe kivulini kila nikimaliza, au niiache majini?

Kingine, kabla sijalipa nikague wapi? Mimi nahofia zaidi pale kamba za matengo zinapofungwa. Na kwenye fuso, matengo yafunguliwe yote?

Mambo ya leseni nitauliza ofisi ya uvuvi wilayani. Haya ya chombo chenyewe nawategemea ninyi, hasa ndugu zetu wa Tanga.