Mapambo ya katikati ya meza: sendofu ya nje Dodoma, mwezi wa nane

Mpambaji wa Area C
Wakuu, naomba ushauri. Sendofu iko kwenye hema la wazi, Ihumwa, meza 20 za duara za futi 6, watu 10 kila meza. Chakula ni bufee, ila soda na maji vinakaa mezani. Mawaridi yanatoka Arusha kwa basi, yanafika jioni ya siku moja kabla. Bibi harusi anataka na zabibu za hapa hapa. Ninunue mawaridi mangapi, pambo liwe na urefu gani, na upepo huu niuzuieje usiyanyaushe?

Shina na Jani
12 kwa meza ni 240. Ongeza kumi kwa mia ya kuvunjika njiani: 264. Yakiuzwa mafungu ya 20, chukua 14.

Kazi yenyewe ni usiku ule. Osha ndoo kwa klorini kwanza na uisuuze, maana bakteria huziba mirija ya shina. Toa majani yote yatakayozama. Kata shina kimshazari, sentimita 2 hadi 3, kwa kisu kikali (mkasi butu unaponda mirija), kisha tumbukiza papo hapo. Ukichelewa, hewa inaingia kwenye mirija na kesho waridi linainamisha shingo huku maji yamejaa. Yaache saa 6 au zaidi kwenye chumba chenye giza, bila feni.

Sponji ya kijani (ile ya kuchomekea maua) iweke juu ya maji izame yenyewe. Ukiisukuma, nje inalowa na katikati inabaki kavu, na shina litakalofika hapo litanyauka la kwanza. Tofali moja la sponji linatosha meza mbili.

Mama Vasi
Sponji sikubaliani nayo kwenye hema la wazi. Ikikauka hainywi tena vizuri. Kunja wavu wa kuku kama mpira ndani ya bakuli zito, ushike kwa tepu juu, maji utie mkifika ukumbini na uongeze mchana.

Vasi ndefu za kioo achana nazo kabisa, dada: upepo unavuta kitambaa, kitambaa kinavuta vasi. Bana kila kitambaa kwa klipu 4. Upana wa pambo usizidi sentimita 40, chupa zipate nafasi. Urefu: weka kiwiko mezani, inua mkono wima, ua la juu lisipite ngumi. Walioketi mkabala lazima waonane nyuso.

Zabibu Kavu
Zabibu nusu kilo kwa meza, jumla kilo 10, vishada vizima. Usizisugue, ule utando mweupe ndio uzuri wake. Punje zilizopasuka zitoe zote kwa mkasi: zinaita nyuki, na maji yake yanatia doa kwenye kitambaa cheupe, hivyo tandika jani pana chini. Ndizi na maembe mabivu usiweke karibu, yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Mpambaji wa Area C
Asanteni sana. Bogonvilia za uani zinafaa kujazia?

Shina na Jani
Zinafaa, ila toa majani yote ya kijani, zamisha tawi zima kwenye maji kwa muda wa saa moja, na uzichomeke mwisho kabisa.