Gari likiwa na mafuta ni "letu", likinuka ni "gari la baba". Leo nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nje kwangu hapa Kimara, Dar, jua la Februari linanipiga utosini na bukta imelowa mpaka haieleweki ilikuwa rangi gani. Saa tatu asubuhi niliaga ndani kwamba natoka "kufagia gari kidogo". Sasa hivi ni saa tisa kasoro na bado sijafika kiti cha nyuma kabisa. Nina watoto watatu, mke, na shemeji ambaye alikuja kwa wiki mbili mwezi wa Septemba. Mnajua waliotoka kunisaidia ni wangapi? Katoka kitinda mimba peke yake, na yeye alikuja kuuliza kama nimeona ubuyu wake.

Nimeuona mwanangu. Nimeuona mwingi sana.

Kwa wasiojua, gari lenyewe ni Noah, lilitoka Japani likiwa limetumika, mimi nikalipokea 2017. Nakumbuka lilivyonukia. Ule mlango wa kuburuza ulikuwa ukiugusa tu unateleza wenyewe. Leo kuufunga kunahitaji watu wawili na bismillahi, na siku zote hizi nilidhani ni bearing. Fundi mmoja alishanila hela ya bearing. Leo nimepiga magoti na tochi, kwenye reli nimechokonoa kokwa za ubuyu kumi na nne, zimegandiana kwa sukari na ile rangi nyekundu, ngumu kama lami. Nimezitoa kwa bisibisi. Mlango umeteleza kama siku ya kwanza, nikatamani kulia.

Nimepata pia daftari la Hisabati la mwanangu wa kidato cha pili. Daftari hili Oktoba niliandika barua kwa mwalimu, nikasaini kwa mkono wangu, kuthibitisha kwamba limeibiwa darasani. Kandambili ya mguu mmoja. Noti ya shilingi 500, nikafurahi sekunde mbili, halafu nikakumbuka muda wa kuzibadilisha benki uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Soksi ambazo hakuna anayezitambua. Na chini ya kiti cha katikati, rambo, mfuko wa plastiki. Rambo yenyewe wakuu, ile nyeusi, iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019! Ndani kulikuwa na dagaa. Pigeni hesabu wenyewe hao dagaa ni wa lini. Hawanuki tena, hatua hiyo walishaipita.

Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na vijiti vya mishikaki kumi na moja. Hilo sitalizungumzia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi. Desemba tulikwenda Marangu, Kilimanjaro, kwa mama mkwe, kama kawaida ya watu wa huko. Kwenda hakukuwa na neno. Siku ya kurudi, Januari 2, mama mkwe akatufungasha: mkungu wa ndizi mshare, ndoo ya parachichi, na dumu la lita tano la mbege "mkawape majirani". Mimi nikasema mama, hii itafika kweli? Mama watoto akanikanyaga mguu. Basi.

Mbege kwa asiyeijua ni pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchujwa, zikachanganywa na ulezi uliooteshwa na kusagwa, na inaendelea kuchacha hata baada ya kutiwa kwenye dumu. Kule juu Marangu kuna baridi, inachacha kwa adabu. Ukishuka Mwanga, ukafika Same, ukaingia lile joto la Hedaru, haina adabu tena. Nyuma watu walikuwa wanaona dumu linavimba. WALIKUWA WANAONA. Shemeji anasema aliliona tangu Same, ila alidhani ndivyo lilivyo. Mbele kidogo ya Hedaru nikasikia mlio kama tairi limepasuka, nikashika usukani kwa nguvu zote, na kitu cha moto kikanimwagikia kisogoni. Kifuniko kiligonga dari, alama ipo mpaka leo. Lita tano, wakuu. Kwenye dari, kwenye viti, kwenye matundu ya mikanda, kwenye zulia, na kwa bibi mmoja wa kanisani tuliyempa lifti, aliyekuwa amelala.

Tukapangusa kwa khanga na kuendelea. Karibu na Korogwe, trafiki akanyoosha mkono. Nikashusha kioo. Akainama, akavuta pumzi, akanyooka. "Mzee, umekunywa?" Sijawahi kunywa nikiwa naendesha. Nikaanza kueleza habari za mama mkwe na joto la Hedaru, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mlevi. Huku nyuma yule bibi wa kanisani anasema "ni kweli baba, imetumwagikia", na yeye ndiye ananuka kuliko wote. Nikapuliza kipimo: sifuri. Akanitaka nipulize tena. Sifuri. Ndipo akaomba pembetatu na mtungi wa kuzimia moto.

Ikabidi nianze kushusha. Mkungu chini. Ndoo chini. Mito miwili ya kulalia, jagi, mwavuli, mdoli asiye na kichwa, begi la mtu asiyejulikana, godoro dogo. Abiria wa mabasi wanapita wanatupungia. Trafiki akazunguka ule mlima mara moja, akaniuliza taratibu, "Mzee, kwani mnahama?" Wanangu wakacheka. Shemeji akacheka. Mama watoto naye, ambaye ndiye amepakia kila kitu, akageuka upande wa mkonge mabega yakimtikisika. Pembetatu nikaikuta chini kabisa, imekumbatiana na mtungi, vyote vimelowa mbege. Yule afande akaniruhusu, nadhani kwa huruma.

Lakini lililoniuma liko mbele ya Chalinze. Lori mbele yangu limewasha taa za breki, nakanyaga, pedali haishuki. Nakanyaga tena, haishuki. Chupa ya maji ya nusu lita imebingirika kutoka nyuma, ikapita chini ya kiti changu, ikajibana chini ya breki. Niliipiga teke kwa mguu wa kushoto, sijui hata niliwezaje, tukasimama nyuma ya lori kwa nafasi ya kutosha mtoto mwembamba. Ndani kimya. Halafu sauti kutoka nyuma: "Baba unaendesha vibaya." Nilipofoka tulipofika nyumbani nikaambiwa nakuza mambo, chupa tu. Mwenye chupa mpaka leo hajulikani. Gari zima linakunywa maji lakini chupa hazina wenyewe!

Tangu siku hiyo harufu haijatoka. Nikiliacha juani kazini, jioni nikifungua mlango napigwa na klabu cha pombe. Wenzangu ofisini wameanza kuniuliza kama nyumbani kuna amani. Nilining'iniza pafyumu ya gari ya ndimu, sasa linanuka klabu kilichokamuliwa ndimu. Nililipeleka kwa vijana wa kuosha, mmoja akachungulia, akamwita mwenzake, wakaita na wa tatu. Wakasema nje elfu saba, ndani tukubaliane, na nikubali kuliacha usiku kucha milango wazi. Ndiyo maana niko hapa na ndoo.

Nimesugua kwa sabuni ya unga, nimesugua kwa siki. Siki imesaidia kidogo upande ulikokuwa unanuka shombo la samaki wa Feri, maana huo nao ulikuwapo, nilikuwa sijausikia kwa sababu mbege ilikuwa juu yake. Utomvu wa mkungu kwenye kiti ndiyo umeshaolewa, hautoki. Kila nikitia umeme kupima AC, yule dada wa Kijapani wa kwenye redio anarudia ile sentensi yake ambayo kwa miaka yote hii sijaielewa. Leo naapa alikuwa anasema "safisheni".

Nimehariri: naona wadau mnauliza kwa nini nisiweke sheria ya kutokula ndani ya gari. Niliweka, 2021. Niliichapa, nikaibandika nyuma ya kiti changu. Leo nimeikuta. Imefungiwa karanga.

Nimehariri tena: mdau hapo juu anasema hizi ni kazi za mwanaume, nisilalamike. Mkuu, njoo Kimara na brashi yako, Kimara Mwisho ukishuka uliza gari linalonuka.

Sasa naomba msaada wa kweli. Mwenye uzoefu wa kutoa harufu ya kilichochacha kwenye zulia la gari aniambie: ni lazima nifungue viti vyote na kulitoa zulia nje likauke, au kuna dawa? Maana nikilibonyeza karibu na kiti cha nyuma bado linatoa maji, na tumefika Februari. Nikilifungua, zile bolti za viti zina kutu, nisije nikazikata.

Na tafadhali, asitokee wa kuniambia niliuze. Nililitangaza wiki iliyopita. Mteja alikuja na dalali, akasifia rangi, akasifia injini, akafungua mlango wa kuburuza kwa shida, akaweka kichwa ndani. Akaufunga taratibu, akaniuliza, "Mzee, mnauza kwa glasi au kwa lita?"