Wiki tatu na gari, Dar mpaka hifadhi za magharibi, na mzee wa miaka 76: naomba ushauri

Binti wa Reli:

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Naishi Tabata Kimanga. Nina likizo ya siku 21 kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, shule zikiwa zimefungwa, na mume wangu kapata ruhusa siku hizohizo. Gari ni Prado ya 2002 ya dizeli. Watoto wawili, miaka 13 na 9. Na baba yangu.

Baba ndiye sababu ya safari. Alikuwa mtu wa reli, na kuanzia 1978 alikaa miaka sita stesheni ya Mpanda, kule mwisho wa tawi linalotokea Kaliua. Mimi nimelelewa na hadithi za mto Katuma. Kwamba mwezi wa kumi viboko wanalaliana kwenye tope mpaka huoni maji, na mamba wanajichimbia mapango kwenye kingo za mto wakisubiri mvua. Hajarudi huko tangu 1984. Mwaka jana alilazwa siku tisa, na siku aliyotoka, tukiwa kwenye foleni ya Buguruni, akaniuliza kama barabara ya Sumbawanga siku hizi ni lami. Hakusema lingine. Nikajua anachotaka.

Nimechora njia: Dar, Mikumi, Ruaha, Mbeya, maporomoko ya Kalambo, Katavi, Mpanda, Uvinza, Kigoma, Gombe, boti hadi Mahale, halafu Burigi-Chato, Rubondo, na kurudi kwa Singida na Dodoma. Tutalala kwenye mahema. Nimeshanunua mawili mazuri pale Karume, ya mtumba lakini zipu zote zinafunga.

Je, inawezekana kwa siku 21? Mzee atalala vipi salama? Na gari nilikague nini kabla ya kuondoka?

Dereva Mstaafu:

Marahaba binti. Nimeendesha watalii nyanda za kusini na magharibi miaka 19, kwa hiyo nisikilize.

Ramani yako ina hifadhi saba na maporomoko juu yake. Kwa siku 21 utaziona zote kupitia kioo cha gari, na mzee utamrudisha amechoka hajakaa mahali. Futa Burigi-Chato na Rubondo leo. Ni nzuri zote, ila ni safari ya Kanda ya Ziwa, ifanye mwaka mwingine ukianzia Mwanza.

Tukate umbali vipande. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Ondoka saa kumi alfajiri ili uipite Kibaha na Chalinze malori hayajajaa. Barabara kuu inakatiza Mikumi kilomita 50, humo tembea mwendo wa vibao, maana ukimgonga mnyama faini yake ni kubwa, na wanyama wenyewe wanavuka wakati wowote. Mlima Kitonga usiupande nyuma ya lori huku unalazimisha kulipita. Kaa nyuma, fungua vioo, waoneshe watoto bonde. Lala Iringa. Asubuhi wapeleke Isimila, ni kama kilomita 20 tu, kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo ambazo mvua imezichonga.

Ruaha kaa usiku tatu. Ndani lipia kwa namba ya malipo, pesa taslimu getini hawapokei, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake cha NIDA ili mlipe kiwango cha raia. Kisha Mbeya, kisha Tunduma hadi Sumbawanga, na hapo mjibu mzee: ndiyo, ni lami. Ufipa, yaani nyanda za juu za huko Sumbawanga, mwezi wa sita kuna baridi ya kweli. Rudi Karume ununue makoti mazito na mablanketi, hasa ya mzee.

Katavi mpe usiku wanne au watano. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1974, na bado unaweza kuzunguka asubuhi nzima usione gari lingine. Makao makuu yapo Sitalike, kama kilomita 35 kabla ya Mpanda.

Mbung'o sasa, wale nzi wanaouma. Hili watu wa Dar hawaliamini mpaka wakutane nalo. Ruaha wapo, Katavi wapo zaidi, na wanauma juu ya suruali. Wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Utaona vitambaa vya rangi hizo vimening'inizwa kwenye miti, ile ni mitego, imetiwa dawa. Kwa hiyo jinzi zote zibaki Tabata. Vaeni kaki, rangi ya udongo, kijani iliyofifia. Sisi tulikuwa tunaokota kinyesi cha tembo kilichokauka, tunakiwasha ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa, tunalining'iniza nyuma ya gari. Moshi wake ni mzito na hauchomi macho sana. Ndani ya gari lako lililofungwa usijaribu, funga vioo tu.

Jambo moja la kusikitisha kidogo. Viboko wa kulaliana ambao mzee anawasimulia ni wa mwisho wa Septemba na Oktoba. Juni maji bado yapo, majani marefu, wanyama wametawanyika. Zungumza naye kabla hujafunga mizigo.

Fundi wa Gerezani:

Dada, mimi nazungumzia gari tu.

Anza na tairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, imetengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Mwezi uliopita mteja kaniletea tairi zina meno mazuri kabisa, nyeusi zinang'aa, nikasoma 4011. Nilipoikunja kwa vidole ubavuni ikaonesha nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Tairi ya namna hiyo inakubeba vizuri mpaka Kariakoo. Kwenye mawe na jua, gari likiwa na watu watano na mizigo, inapasuka. Beba spea mbili kama unaweza, na ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki kwenye mchanga inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Pili, rejeta. Hilo la majani marefu alilosema Dereva Mstaafu hapo juu lina hatari mbili. Mbegu za majani zinaziba rejeta mbele, gari linachemka. Funga wavu mwembamba wa chuma mbele yake, jioni upige brashi. Na majani makavu yanajikusanya chini karibu na ekzosi, yanashika moto. Kila mkisimama, mtu mmoja ainame aangalie chini. Usiegeshe gari la moto juu ya majani.

Mpira wa juu wa rejeta na mkanda wa feni badilisha hata kama ni vizima, na vile vya zamani vibebe. Madumu mawili ya lita 20 ya dizeli, jaza Iringa kabla ya Ruaha na jaza Sumbawanga kabla ya Katavi. Yafungwe juu ya keria, si ndani na watoto.

Mtoto wa Mwanga, Kigoma:

Karibuni nyumbani dada, lakini sipendi uje ukaumie moyo. Mtoto wako wa miaka 9 hatakwenda kwa sokwe. Mahale umri wa chini ni miaka 12, na Gombe nako watoto wadogo hawaingizwi msituni kwa sokwe. Si ukali wa bure. Sokwe anapata mafua yetu, na kifua cha kawaida cha mtoto kinaweza kuua familia nzima ya sokwe. Ndiyo maana mnavaa barakoa mkiwakaribia, na mwenye mafua anabaki kambini hata kama amelipa.

Halafu Mahale haina barabara ndani. Ukishuka kwenye boti unatembea, na kupanda milima ndiyo kazi yenyewe. Sioni mzee wa miaka 76 aliyetoka hospitali akipanda ile. Atakaa kambini anaangalia ziwa, wewe uko juu una wasiwasi.

Kama mtafika Kigoma kwa ajili ya kuona mji tu, sawa, mtakula migebuka wa kuchoma na mtaiona Ujiji. Ila Mpanda hadi Uvinza pana vumbi na mashimo. Mimi ningekushauri mwishie Mpanda, mrudi kwa Tabora, siku hizi ni lami kupitia Inyonga na Sikonge.

Binti wa Reli:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimesoma majibu yenu yote kwa sauti jana usiku sebuleni, baba akiwa kwenye kiti chake.

Nilipofika pale kwenye Juni na Oktoba nilisita, nikataka kuruka. Akaniambia nisome. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba Oktoba haiwezekani: mdogo yuko darasa la nne, mtihani wao wa taifa ni mwezi huohuo, na mwaka kesho siwezi kuupanga, kwa afya ya baba ilivyo. Hakunipa nafasi ya kusema hayo. Alisema, "Juni ni vizuri. Mwezi wa kumi wale viboko walikuwa wanateseka. Watoto wawaone wakiwa na maji."

Miaka yote nilidhani anatamani ile picha ya tope. Kumbe alikuwa ananisimulia kitu kilichomuuma.

Basi tumefuta Kigoma, Gombe na Mahale. Ni Ruaha na Katavi. Kalambo mume wangu ameng'ang'ania, anataka maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 mara moja, nimemwachia siku moja. Kurudi kwa Tabora.

Swali lililobaki ni la usiku, naliuliza wazi kwa kuwa ni la afya. Baba anaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Kambi hazina uzio. Nifanyeje?

Dereva Mstaafu:

Mfikishie mzee salamu zangu. Amesema kweli, na mateso hayo yameongezeka. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa hautindiki, tangu 1993 umekuwa ukikauka kabisa sehemu za hifadhini wakati wa kiangazi, kwa sababu juu kule Usangu maji yanaingizwa kwenye mpunga na mifugo imejaa kwenye ardhi oevu. Usangu iliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2008 kwa ajili hiyo. Katuma nao juu yake wanalima mpunga, wanauzuia na kuuchepusha. Mwaka mmoja mwezi wa kumi, nina wageni nyuma wanapiga picha, niliona mtoto wa kiboko amebanwa katikati ya wakubwa na ngozi yake imepasuka kwa jua kama tope lenyewe. Nilizima injini, kisha nikawasha tukaondoka. Wageni walitaka tukae zaidi.

Usiku: mzee asilale hemani. Ruaha pale Msembe na Katavi pale Sitalike hifadhi ina vibanda vya kulala wageni, lipia mapema, yeye na mtu mmoja walale humo. Usiku ambao hakuna kibanda, alale kwenye hema kubwa na mmoja wenu, juu ya kitanda cha kukunja ili asiinuke kutoka chini, na muwe na ndoo yenye kifuniko humohumo ndani. Mueleze kwa heshima, ataelewa, ni mtu aliyekaa Mpanda. Asitoke. Kiboko anapanda kulisha usiku na anapita katikati ya mahema kimya kabisa, utasikia tu majani yanakatwa. Ukijikuta kati yake na maji, umeisha. Na matunda yasiingie hemani wala yasiachwe garini, hata ganda la chungwa. Tembo atafungua gari lako kama kopo.

Pale Sitalike mtoni viboko wapo mwaka mzima, karibu na daraja. Juni atawaona vizuri tu. Kisha muombe askari wa hifadhi awapeleke ziwa Katavi, kwenye mkwaju ambao wenyeji wanasema mzimu wa mwindaji Katabi unakaa. Watu huacha sadaka chini yake. Mzee huenda anaujua.

Binti wa Reli:

Anaujua. Amesema zamani wafanyakazi wa reli wenyeji wa huko walikuwa hawapiti karibu yake bila kuacha kitu, hata punje za mahindi.

Ndoo imenunuliwa leo, nyeupe, ina kifuniko cha kubana. Jinzi zimetolewa kwenye begi la kijana, amenuna. Tairi mbili za nyuma zilisomeka 0812, fundi, zimeshabadilishwa. Vibanda nimeshaomba, Sitalike usiku wanne.

Baba ameongeza ombi moja. Kabla hatujarudi kwa Tabora anataka tupite stesheni ya Mpanda, tukae dakika chache. Ametoa kwenye sanduku filimbi yake ya kazi na leo mchana alikuwa anaisugua kwa majivu na limao kule uani, mdogo amekaa pembeni anamshikia bakuli.

Tunaondoka tarehe 6, saa kumi alfajiri. Dereva Mstaafu, nikifika Sitalike nitaandika hapa maji yamefika wapi.